Fentanili kwenye epidurali: kwa nini mama wa uchungu anawekewa dawa kidogo

Kuna usiku tulimpokea mama leba katokea njia ya Mpwapwa, mlango wa kizazi umefunguka sentimita tano, uchungu umekolea, tukamuwekea epidurali na baada ya kama dakika ishirini hivi akaacha kung'ang'ania vyuma vya kitanda, akaanza kuongea. Mama mkwe wake aliyekuwa pembeni akaliangalia lile bomba la sindano, akaniuliza, "Dokta, kadawa hako ndo kote? Si mumuongezee mwanangu alale kabisa." Hili swali tunaulizwa sana sisi watu wa usingizi hapa Dodoma, na mwenye kuuliza anauliza kwa huruma, kwa hiyo anastahili jibu kamili.

Epidurali sio nusu kaputi, na sio ile sindano moja ya mgongo ya oparesheni. Ni kamrija kembamba tunakapitisha katikati ya pingili za kiunoni, kanaishia nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo, kanabaki hapo mpaka mtoto atoke na dawa inapitia humo. Haipatikani kila kituo, maana inataka mtu wa usingizi awepo na mkunga wa kumfuatilia mama muda wote.

Dawa zinakuwa mbili ndani ya bomba moja. Kuna ganzi, mara nyingi bupivakaini, na kuna fentanili, dawa kali ya maumivu, ndugu yake mofini ila nguvu yake inakaribia mara 100, ndo maana tunaipima kwa mikrogramu (elfu moja ndo miligramu moja). Mchanganyiko mmoja unaotumika sana uko hivi: bomba la mililita 50, unavuta bupivakaini ya 0.5% mililita 10, fentanili mililita 2 yenye mikrogramu 100, unajazia maji ya chumvi mililita 38. Piga hesabu, ganzi imeshuka mpaka 0.1% na kila mililita ina fentanili mikrogramu 2 tu. Mama akianza na mililita 10 kapata mikrogramu 20, na tunampima presha kila baada ya dakika 5 mwanzoni maana inaweza kushuka.

Sasa kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu dawa tumeiweka jirani kabisa na mishipa ya fahamu inayobeba uchungu, haina safari ndefu ya kuzunguka mwili mzima, na pia hizi dawa mbili zinabebana, ukiweka fentanili kidogo unaweza kupunguza ganzi na maumivu bado yanakata. Na kupunguza ganzi ndo jambo kubwa hapa. Zamani ganzi ya 0.25% ilikuwa kawaida, maumivu yanakata kweli lakini miguu inakuwa mizito kama gunia, na mama anashindwa kusukuma. Uingereza walilipima hili, utafiti unaitwa COMET, ukatoka mwaka 2001: kwa ile ganzi nzito wamama kama 35 kati ya 100 walijifungua kawaida bila kuvutwa mtoto wala kupasuliwa, kwa dozi ndogo yenye fentanili wakafika kama 43. Mimi hiyo tofauti naiona kubwa sana.

Kuongeza fentanili ili mama alale ndo kitu hatufanyi. Ikizidi inaleta kichefuchefu, mkojo unagoma, usingizi mzito, na mbaya kuliko yote pumzi inapungua, ya mama na ya mtoto. Hata kwa dozi ndogo mama anaweza kuwashwa puani na kifuani, wengine wanaogopa wanadhani dawa imemkataa, hapana, ni tabia ya hii dawa inajulikana na mara nyingi inapita yenyewe. Naloksoni, inayoondoa nguvu ya opioidi, yaani dawa za ukoo wa mofini kama hii fentanili, inakaa karibu tayari.

Kinachonipa hofu zaidi ni sindano za njiani. Yule mama karatasi yake ya rufaa ilisema tu "kapewa ya maumivu", haikutaja jina, dozi wala saa. Inaweza kuwa pethidini, nayo ni opioidi, miligramu 50 au 100 kwenye msuli, na hiyo inavuka kwenda kwa mtoto na kukaa kwake muda mrefu kuliko kwa mama, alafu ukimuwekea fentanili juu yake bila kujua unajumlisha opioidi mbili gizani. Aliyetuokoa ni mama mkwe, akakumbuka walimchoma wakati wa adhana ya magharibi na ilikuwa inakaribia saa saba usiku, tukapiga simu kule tukathibitisha ni pethidini, tukaendelea na dozi yetu ya kawaida na tukamwambia nesi wa watoto mapema aangalie pumzi ya mtoto.

Kwa hiyo mkichomwa sindano popote, iwe Kongwa, Bahi au hapa hapa mjini, mwombeni mkunga aandike kwenye kadi ya kliniki jina la dawa, kiasi na saa, au mpigeni picha kichupa kwa simu, na mkifika leba muonyesheni mtu wa usingizi kabla hajavuta dawa.