Spika za bei kubwa nyumbani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Aliyenunua spika za mamilioni ya shilingi hutarajia, na ana haki ya kutarajia, kusikia tofauti tangu siku ya kwanza. Wengi huisikia dukani, wakaikosa sebuleni, kisha wakazilaumu spika na kuanza kutafuta nyingine. Kwa miaka niliyokaa na spika za namna hiyo nimeona kwamba lawama hizo aghalabu huelekezwa pasipo pake.

Dhana: Spika nzuri ni nzuri popote itakapowekwa.

Kwa sauti nzito, chumba kina kauli kubwa kuliko spika yenyewe. Mawimbi ya besi ni marefu, hugonga kuta na kurudi, na kila chumba hukuza baadhi ya sauti na kumeza nyingine kulingana na vipimo vyake. Chumba chenye urefu wa mita 4.2 hukuza sauti ya takribani hezi 41, ambayo ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida. Ndiyo maana aliyeegemeza sofa ukutani husikia noti hiyo ikivuma kuzishinda zote, ilhali aliyekaa katikati ya chumba hicho hicho huisikia ikififia. Sebule nyingi za mijini kwetu zina kuta za saruji na sakafu ya vigae, ambavyo hurudisha karibu sauti yote. Nilipozisogeza spika zangu sentimita 60 kutoka ukutani na kutandika zulia nene kati yake na kiti changu, besi iliyokuwa ikinguruma kama pipa tupu ilitulia, nikaanza kuzitambua noti zake moja moja.

Wala mahali pa kuweka spika hapana kanuni moja. Klipschorn, iliyobuniwa na Paul Klipsch wa Marekani katika miaka ya 1940, hukaa kwenye kona, kwa sababu kuta mbili za kona hukamilisha tarumbeta yake, yaani mdomo mpana unaokuza sauti. Quad ESL ya Uingereza, iliyotoka 1957, hutoa sauti mbele na nyuma, hivyo huhitaji nafasi mgongoni.

Dhana: Wati nyingi ndizo sauti kubwa.

Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kushtuka. Lenye uzito zaidi ni wepesi wa spika kuitikia umeme. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC, hutoa takribani desibeli 83 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Klipschorn hupita 100. Pengo la desibeli 20 hudai wati mara 100, mzigo ambao spika ndogo namna hiyo haiubebi kwa muda mrefu. Tena twita nyingi, yaani vipaza vidogo vya sauti nyembamba ndani ya spika, huungua kwa amplifaya dhaifu iliyolazimishwa kupita uwezo wake.

Dhana: Masikio yangu hayadanganywi na macho.

Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha mwaka 1994 majaribio ambamo watu walewale walizisikiliza spika wakiziona, kisha zikiwa nyuma ya pazia. Alama walizozipa zilibadilika, na athari ya kuhamisha spika chumbani, waliyoisikia wazi nyuma ya pazia, ilipungua walipoziona. Jambo hilo linanigusa sana, kwa kuwa linaeleza kwa nini tunabadilisha spika kabla ya kubadilisha mahali pake.

Kuhusu nyaya za bei ya kutisha zinazodaiwa kuboresha sauti, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5 huongeza ukinzani usiofika omu 0.1 kwa spika ya omu 8. Waya huo unatosha.

Dhana: Spika bora haihitaji kutunzwa.

Joto na unyevu wa Pwani huozesha ukingo wa sponji unaoshikilia koni ya wufa, yaani kipaza cha sauti nzito ndani ya spika. Zangu za miaka ya 1980 zilianza kukoroma. Nilipoondoa kitambaa cha mbele na kugusa ukingo kwa kidole, ulimeguka ukaniachia unga mweusi unaonata. Fundi alibandika ukingo mpya, koni zikabaki zilezile. Anayenunua spika kuukuu na aombe kitambaa kitolewe, amulike tochi pembezoni mwa koni, kisha aisukume taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza ndani, koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, imeshapinda au imechafuka, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kubadilisha sponji.