Kilimanjaro Haukuwa Zawadi: Dhana Potofu Kuhusu Ukoloni na Uhuru Wetu

"Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro"

Hii niliisikia nikiwa shule ya msingi, na hadi leo nakutana nayo kwenye simulizi za watalii na kwenye makundi ya WhatsApp. Ramani yenyewe inaichochea. Mpaka wa Kenya na Tanzania unatoka Bahari ya Hindi, unafika karibu na Taveta, unajikunja kuuzunguka mlima, kisha unanyooka kama rula hadi Ziwa Victoria. Basi ikatungwa hadithi: Victoria ana milima miwili yenye theluji, mjukuu wake Wilhelm hana hata mmoja, bibi akamwonea huruma siku ya kuzaliwa kwake.

Hesabu ya miaka peke yake inaibomoa. Mpaka huo Uingereza na Ujerumani waliukubali mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alikuja kuwa kaizari Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekalia kiti cha enzi Berlin alikuwa babu yake mzaa baba.

Kilichotokea kweli kina watu wengi zaidi. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma kamanda wa jeshi lake, Lloyd Mathews, hadi Uchagani, na wamangi kadhaa, yaani watawala wa Wachaga, wakatangaza kuwa upande wa Sultani. Mmoja wao alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Muda mfupi baadaye akafika Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, naye akaondoka na mkataba kutoka kwa Rindi huyohuyo. Mwingereza Harry Johnston alikuwa ameshapita mwaka mmoja kabla, na mikataba yake ilikuwa ya upande wa Taveta. Rindi hakuwa mjinga aliyehadaiwa. Alikuwa na uhasama wake na Mangi Sina wa Kibosho, alihitaji bunduki na marafiki, na kila mgeni kwake alikuwa mtu wa kupimwa faida yake. Ila London na Berlin zilipokaa kugawana, karatasi hizo zikageuzwa hati miliki. Mstari ukapita kati ya Taveta na Uchaga, ukaambaa chini ya mlima upande wa kaskazini. Kona ile kwenye ramani ni alama ya mikataba hiyo.

Sioni hadithi ya zawadi kuwa mzaha usio na madhara. Inamfuta Rindi, inamfuta Barghash, inaufuta ugomvi wote wa Uchagani, tunabaki na bibi na mjukuu wake. Karibu dhana zote potofu nitakazozitaja zinafanya hivyohivyo: zinamtoa Mwafrika kwenye historia yake mwenyewe.

"Wajerumani walibadilishana Zanzibar na kisiwa cha Heligoland"

Huwezi kutoa usichokuwa nacho. Zanzibar haikuwahi kuwa ya Ujerumani. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Yenyewe ikaachia Witu, eneo la pwani karibu na Lamu, na madai yake upande wa Uganda, na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Pwani ya Tanganyika, iliyokuwa ya Sultani, ilinunuliwa kwa fidia ya mark milioni 4. Na wenye pwani hiyo walikuwa wameshajibu kabla ya mkataba: vita vya Abushiri vilianzia Pangani mwaka 1888, na mwenyewe akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889.

"Mkutano wa Berlin ndio uliochora mipaka ya Afrika"

Mkutano ulianza Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885. Ulishughulika na biashara huru katika bonde la Kongo, usafiri kwenye mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kutangaza umiliki mpya pwani. Hakuna Mwafrika aliyeketi mezani, hilo ni kweli tupu. Lakini mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya nchi mbili mbili kama hiyo ya 1886 na 1890. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

"Maji Maji ilikuwa ushirikina wa watu waliodhani maji yanazuia risasi"

Hapa ndipo huwa napandwa na hasira, maana dhana hii inarudiwa na wajukuu wa waliopigana.

Dawa ya maji ilikuwepo, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliigawa. Lakini muulize mtu: Wamatumbi walianza na nini Julai 1905? Waling'oa pamba. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imelazimisha mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu walifanya kazi humo kwa malipo ya senti chache, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu, na kodi ikidaiwa palepale. Waliong'oa ile pamba walijua vizuri ni nini kinachowanyonya.

Na yale maji yalifanya kazi ambayo silaha peke yake isingeifanya. Yaliwapa Wamatumbi, Wangindo, Wambunga, Wapogoro, Wangoni na wengineo kiapo kimoja, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, na vita vikazidi kusambaa. Mwishowe walishinda kwa kuchoma maghala na mazao. Hesabu yao wenyewe ilitaja vifo 75,000. Wapo wanahistoria waliokadiria hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa. Songea, Februari 27, 1906, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa siku moja.

Anayesema Tanganyika ilipata uhuru bila kumwaga damu anaanza kuhesabu mwaka 1954, chama cha TANU kilipozaliwa.

"Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza kama Kenya"

Kwa mtu aliyedaiwa kodi na bwana shauri, tofauti haikuonekana. Kisheria ilikuwa kubwa. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920. Tanganyika ilikabidhiwa kwa Uingereza na Shirika la Mataifa kama nchi ya uangalizi, kisha kuanzia 1946 ikawa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Maana yake kulikuwa na mlango wa kupeleka malalamiko.

Wameru ndio walioufungua. Novemba 1951 serikali iliwafukuza maelfu yao kutoka Engare Nanyuki ili ardhi iende kwa walowezi, na nyumba zikachomwa. Wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952. Mwaka huohuo Kenya, isiyokuwa na mlango kama huo, iliingia kwenye hali ya hatari. Wameru hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Lakini Japhet aliporudi alizunguka kuwaeleza watu alichokiona, na nchi ikajua kwamba serikali inaweza kushtakiwa mbele ya dunia.

"Uhuru tuliletewa tu, Waingereza walikuwa wamechoka"

Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipendekeza Tanganyika ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25, na Waingereza waliona hata hiyo ni haraka mno. Uhuru ukaja baada ya 7. Katikati hapo kuna TANU iliyozaliwa Julai 7, 1954, kuna Nyerere aliyesafiri kwa michango ya wanachama kwenda kuhutubia Baraza la Udhamini Machi 1955, na kuna Bibi Titi Mohamed aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam na vikundi vyao vya ngoma kwenye chama. Kisha ikaja kura tatu ya 1958 na 1959, iliyomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ilitungwa kuwapunguza nguvu Waafrika. TANU ikaamua kushiriki, baada ya mabishano makali kule Tabora, ikashinda.

"Kutofungamana na upande maana yake ni kukaa kimya"

Mwaka 1965, wakati wa Vita Baridi, Ujerumani Magharibi ilikata msaada wake wa kijeshi, ikikasirishwa na uwakilishi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar. Nyerere akaiambia ichukue na misaada mingine ya serikali iliyobaki. Desemba ya mwaka huo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza, kwa sababu London ilishindwa kuwazuia walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru wao. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukagandishwa, na nchi ilikuwa na miaka minne tu tangu uhuru. Uhusiano ulirejeshwa 1968. Waafrika wa Rhodesia walisubiri hadi Aprili 18, 1980.