Disleksia haiko machoni

Jirani yangu hapa Ujiji alikuwa tayari kuuza madebe mawili ya mawese amnunulie mwanawe miwani. Mtoto yuko darasa la nne, akitaka kuandika "dada" inatoka "baba", na mtu kamwambia anaona herufi kinyume.

Kumpima macho si vibaya, ila disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, haitibiwi kwa miwani. Jina la zamani nalo lilipotosha: mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza alieleza habari za mvulana wa miaka 14 akaiita hali yake "upofu wa maneno", ingawa daktari mwenyewe aliandika kuwa macho ya mvulana huyo yalikuwa mazima. Ugumu uko kwenye ubongo kuunganisha sauti na herufi. Kuchanganya b na d? Karibu kila anayeanza kusoma hufanya hivyo. Kwa Kiswahili, kinachoandikwa kama kinavyotamkwa, kinachomfichua mtoto zaidi ni mwendo: anapatia, lakini ni a-na-ku-ja, jasho likimtoka.

Kinachosaidia ni kufundishwa silabi kwa mpangilio, akitamka huku akiandika kwa kidole mchangani. Kuongezewa muda wa mtihani. Na simu inayosoma maandishi kwa sauti. Nilimsomea mtoto yule hadithi ya sungura na fisi, maswali yote akajibu. Mawese bado yako jikoni kwa mama yake.