Mzio wa mapafu: homa inayofuata vumbi la majani

Mzio wa mapafu, ambao madaktari huuita haipasensitiviti numonaitisi, hutokea kinga ya mwili inapopambana na vumbi lililovutwa hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Si pumu, pumu hubana njia za hewa, huu huumiza vifuko vyenyewe. Wala hauambukizi.

Vumbi hilo hutokana na ukungu na bakteria wa majani makavu yaliyopata unyevu, au kinyesi na manyoya ya njiwa na kuku. Huku Moshi, kuanzia Kibosho hadi Marangu, ng'ombe wengi hulishwa bandani, na mabua hupandishwa kutoka tambarare. Yakirundikwa kabla hayajakauka, au yakinyeshewa na masika, huvunda na kupata joto. Ukiyafumua, vumbi linatimka.

Kinachowapotosha wengi ni muda. Umetikisa mabua asubuhi, uko mzima. Zikipita saa 4 hadi 8 unashikwa na homa, kutetemeka, kikohozi kikavu na pumzi kubana. Baada ya siku moja au mbili unapata nafuu. Ukiwa umepewa dawa ya malaria au antibayotiki, dawa inasifiwa bure: umepona kwa kuwa hukwenda bandani.

Anayevuta vumbi kidogo kidogo kila siku, mathalani mfuga njiwa, huenda asipate homa kabisa. Anakohoa miezi, anakonda, kamlima kadogo kanamshinda. Hapo dalili zinafanana na kifua kikuu, na kupima makohozi ni lazima. Lakini yakiwa safi, mweleze daktari unafuga nini na unalisha nini, hata kama hajakuuliza. Eksirei inaweza isionyeshe kitu mwanzoni. Ndipo hospitali ya rufaa kama KCMC inapohitajika, kwa CT skani, yaani picha ya kina ya mapafu, na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanavyofanya kazi.

Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza, ila haiondoi kovu lililokwisha kujijenga kwenye mapafu. Tiba kubwa ni kuachana na vumbi: mabua yakauke kwelikweli, yainuliwe kutoka chini, yaloweshwe kabla ya kutikiswa, na kazi hiyo aifanye mwingine. Khanga puani haitoshi. Barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, husaidia kiasi. Njiwa nao, hata wakiuzwa wote, vumbi lao hubaki nyumbani kwa miezi, kwa hiyo dari na kuta zifutwe kwa kitambaa kibichi, mgonjwa akiwa mbali.