Je, wajua? Dumu la lita tano za dizeli hutoa zaidi ya kilo 13 za hewa ukaa, na Mbeya hakuna anayeziona

Weka dumu la lita tano lililojaa dizeli kwenye mizani ya wauza viazi pale Uyole. Ukitoa uzito wa dumu lenyewe utapata kilo nne na ushee. Imimine kwenye tangi la lori, lori lihangaike nayo kupanda Mlima Nyoka mpaka iishe, na kwenye bomba la moshi zitakuwa zimetoka zaidi ya kilo 13 za hewa ukaa, ile gesi inayopasha dunia joto. Zimeingia nne, zimetoka kumi na tatu. Muuza viazi angesema mizani imechezewa.

Haijachezewa. Ni kama ugali: unapima kilo moja ya unga, unaepua ugali wenye uzito zaidi ya kilo mbili, na hakuna anayeshangaa kwa sababu maji aliyaona yakiingia. Dizeli ndiyo unga, na maji yake ni oksijeni iliyo hewani. Lita moja ya dizeli ina gramu 720 hivi za kaboni. Ikiungua, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni, na oksijeni ni nzito kuliko kaboni. Gramu 12 za kaboni hugeuka gramu 44 za hewa ukaa. Piga hesabu na utafika kwenye kilo 2.6 hivi kwa kila lita, iwe lori ni jipya au ni kuukuu.

Nimeanza na mizani kwa sababu kila nikiingia kwenye mazungumzo ya usafiri safi hapa kwetu, naona tunabishana juu ya kitu kingine kabisa. Tunabishana juu ya moshi.

Simama Iwambi au Mbalizi jioni yoyote uwaulize watu kama malori yanachafua hewa. Watakuonyesha kwa kidole lile linalotema wingu jeusi. Yale mengine, yanayopita na bomba kavu, watakwambia hayo hayana shida, ni ya kisasa. Sasa moshi mweusi ni nini? Ni masizi, yaani kaboni ambayo haikupata oksijeni ya kutosha ikatoka kabla ya kuungua. Lori likiteremka, hewa huwa nyingi na mafuta machache. Likipanda hali ni kinyume. Pampu inamwaga dizeli nyingi, hewa haitoshi, na hapa juu hewa yenyewe ni nyepesi. Uyole iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi ya injini ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pumzi hiyo hiyo Dar es Salaam. Turbo nzima, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hufidia pengo hilo. Turbo iliyochoka, filta iliyojaa vumbi au nozeli zinazovuja hazifidii, na matokeo yake unayaona kwenye mashuka yaliyoanikwa kando ya barabara.

Masizi ni adui wa mapafu, sina ubishi na hilo. Lakini lile lori lenye bomba kavu limechoma kaboni yake yote, na yote imegeuka hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu. Kwa upande wa joto la dunia, bomba kavu si cheti cha usafi.

Turudi barabarani, maana huko ndiko hesabu inakonenepa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa kama 830. Semi iliyojaa, ambayo kwa sheria ya Afrika Mashariki inaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo, hula lita moja kwa kilometa mbili hivi. Hiyo ni lita 400 na zaidi mpaka Mbeya, na hewa ukaa zaidi ya tani moja. Ukitaka kuipa sura tani hiyo, angalia dirishani ukipita Mafinga. Kaboni iliyomo kwenye tani moja ya hewa ukaa ni sawa na iliyofungwa ndani ya kilo 550 hivi za mbao kavu. Msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini, uko pale pale, na kila semi inayopita inarudisha hewani kazi ambayo msonobari uliifanya kwa miaka mingi. Tena nyingine zimebeba hizo hizo mbao.

Kwa nini nyingi hivyo? Sehemu ya jibu ni milima. Kuipandisha semi ya tani 56 kutoka baharini hadi kimo cha Uyole tu, bila kuhesabu kwenda mbele, kunahitaji lita 65 hivi za dizeli. Na njia yenyewe haipandi mara moja. Inashuka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu, inakwea Kitonga, inafika karibu meta 1,900 Mafinga, inaporomoka tena mpaka Igawa na Chimala kwenye bonde la Usangu, halafu Inyala inaanza upya kupanda kuja Uyole. Kimo ulichokilipia kwa dizeli Kitonga unakipoteza kwenye breki kabla ya Igurusi, kisha unakilipia tena.

Hapa niseme neno kwa madereva. Wapo wanaoteremka na nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye injini nyingi za siku hizi, lori likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa, mafuta hukatwa kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kunywa dizeli ili isizime. Yaani unatumia mafuta zaidi na huku umeitupa breki ya injini. Makaburi ya Mlima Nyoka na Iwambi tunayajua.

Sehemu ya pili ya jibu ni tairi. Tairi la mpira likiwa na mzigo hubonyea kila linapogusa lami, na kule kubonyea na kurudi hula nguvu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei kwa kiasi cha maana. Msuguano wa kuviringika wa tairi la lori ni kama mara tano ya ule wa gurudumu la treni, pengine zaidi. Ndiyo sababu treni ya dizeli, ikiwa imejaa na vichwa vyake ni vizima, husafirisha tani moja kwa theluthi au robo tu ya mafuta ambayo lori lingetumia. Hapo hatujagusa hata umeme.

Na reli tunayo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kilometa 975 zikiwa upande wetu. Wajenzi wake hawakuifuata njia ya Kitonga. Walipita Kilombero hadi Mlimba, kisha wakaukwea ukingo wa milima taratibu hadi Makambako, wakitoboa pale ambapo mwinuko ulikuwa mkali mno kwa treni. Reli nzima ina mahandaki 22, na mengi yako kwenye kipande hicho cha Mlimba na Makambako. Kwa maneno ya leo tungesema walilipa zege mara moja ili dizeli isilipwe kila siku.

Basi kwa nini malori ndiyo yanayojaza mpaka wa Tunduma? Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Miaka ya mwanzo ilivuka tani milioni moja. Mwaka 2014/15 ilibeba kama tani 88,000. Vichwa vilikuwa vichache, njia imechakaa, maporomoko ya mvua Kilombero, mishahara kuchelewa na migomo juu yake. Mwenye shaba au salfa hawezi kusubiri. Lori lina ubaya wote niliousema, lakini dereva anapokea simu. Hapo ndipo mzigo ulipohamia barabarani, na hewa ukaa ikahama nao.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina, CCECC, wa kuifufua reli hii na kuiendesha kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Wakati huo huo barabara yetu inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29. Nilipowasikiliza watu wakizungumzia miradi hii miwili kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya haisi, neno hewa ukaa sikulisikia hata mara moja. Sikulitarajia. Yanayosemwa ni foleni ya Mafiat, ajali, mashimo, bei ya kusafirisha mbolea, na mgonjwa aliyekwama nyuma ya semi tatu akipelekwa hospitali ya rufaa. Wengi wanataka mzigo urudi kwenye reli. Hawataki kwa ajili ya kaboni, na sioni kosa.

Imewahi kutokea hivyo. Baada ya walowezi wa Rhodesia (sasa Zimbabwe) kujitangazia uhuru mwaka 1965, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipita huko yalipitishwa na malori kwenye barabara hii ikiwa bado ya vumbi na matope. Mwaka 1968 likaanza bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 hadi Ndola, likipita nyanda hizi hizi chini ya mashamba ya watu. Lilibeba mafuta ghafi kwa miongo mitano, na tangu 2023 linabeba dizeli. Kila lita inayopita chini ni lita ambayo haikupandishwa Kitonga na lori. Waliolijenga walikuwa wakiwaza siasa na vita, na tabianchi haikuwa kwenye kikao. Hewa ukaa ilipungua bila mtu kuitaja.

Wanaopinga mzigo kurudi kwenye reli nao wana hoja, tena nzito kuliko wanavyopewa nafasi. Chimala, Igawa, Makambako, Ilula, Mbalizi na Tunduma yenyewe ni miji iliyokuzwa na magurudumu ya malori. Mama lishe anayeamka saa tisa usiku kubandika supu, mwenye gesti, fundi wa matairi, kijana anayeosha semi, muuza vitunguu wa Ilula: wote wanakula kwa sababu dereva na utingo wake lazima wasimame mahali. Treni ya mizigo haisimami kunywa supu. Ukimwambia mama huyo kwamba treni moja ya mabehewa 20, kila moja tani 40, inaondoa malori zaidi ya 20 barabarani, yeye anasikia sahani zaidi ya 40.

Kuna na mambo madogo yanayopita machoni petu kila siku. Magari ya IT, yaani ya kupita tu nchini, yale yanayoshushwa bandarini na kuendeshwa moja moja mpaka Tunduma yakielekea Zambia na Kongo, kila moja humwaga karibu kilo 200 za hewa ukaa likiwa na mtu mmoja ndani, au na abiria wachache wa kuokoteza njiani. Basi lililojaa abiria 50 kutoka Dar, kwa upande mwingine, humgharimu kila abiria kilo 15 hivi tu. Kwa hiyo ukipanda basi usijione mchafuzi. Bajaji zetu za Mwanjelwa na Kabwe ni tatizo la kelele na moshi zaidi kuliko la kaboni, na zikigeuzwa za umeme zitapata nafuu yake mteremkoni, ambapo mota hurudisha chaji kidogo kwenye betri.

Umeme wenyewe una kichekesho chake. Sehemu ya maji yanayofika Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, hutoka Ruaha Mkuu, na Ruaha hukusanya maji yake Usangu, Mbarali, yakiwemo ya mito inayoshuka kwenye milima ya Mbeya. Maji yetu yanapita Mtera na Kidatu, yanaungana na Rufiji, yanazungusha mitambo, na umeme wa gridi unaendesha treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024. TAZARA hapa Iyunga bado ni dizeli.

Na viazi? Hapo ndipo ninapowaelewa wafanyabiashara wa Uyole. Kiazi cha Isyonje hakioti kando ya reli. Fuso inaingia mpaka shambani kwenye matope, inapakia lumbesa, na baada ya siku moja mzigo uko sokoni Dar es Salaam. Kwa treni, gunia lile lile linashushwa Iyunga, linapandishwa behewani, linashushwa Dar, linapandishwa gari jingine kwenda sokoni, na kila linapoguswa makuli wanalipwa. Ukimuuliza mwenye viazi mzigo wake utapanda treni lini, hakuulizi ni kilo ngapi za hewa ukaa zitaokolewa. Anakuuliza treni inaondoka saa ngapi, na kama saa hiyo ndiyo saa kweli.