Maikroservisi: programu moja ikigawanywa vipande

Maikroservisi ni mtindo wa kusanifu programu ambapo mfumo mmoja hugawanywa kuwa programu ndogondogo. Kila moja ina kazi yake na hifadhidata yake, nazo huzungumza kwa kutumiana ujumbe mtandaoni. Kinyume chake ni monolithi, yaani kila kitu kimo ndani ya programu moja. Jina lilishika kasi baada ya makala ya wataalamu wa programu James Lewis na Martin Fowler ya 2014.

Chukua mfumo wa kuwekea vyumba katika nyumba za wageni hapa Amu (Lamu). Kwenye monolithi, kupokea malipo na kuandika chumba ni hatua mbili zinazofuatana; moja ikishindikana, hifadhidata inaifuta na ya pili. Ukizitenga kwenye seva mbili, ni kama karani aliyekuwa akigeuka tu kitini kumuuliza mwenzake, sasa inambidi amtume mtu kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara. Siku nyingi mtu huyo atarudi na jibu. Siku kusi limechafuka asirudi, utajuaje kama hakufika kabisa, au alifika, kazi ikafanywa, akakwama njiani kurudi? Ukimtuma wa pili, huenda mgeni akatozwa mara mbili. Hapo ndipo penye ugumu wote, mengine ni madogo.

Sisi tuliokuwa na mfumo kama huo, tukazitenga kazi hizo mbili, yalitufika Disemba moja. Mgeni kashuka jeti na begi lake, simu mkononi inaonyesha kalipa, na chumba chake kina mtu. Seva ya malipo ilikuwa imepokea pesa na kutuma habari. Seva ya vyumba haikupata kitu. Ukiziuliza moja moja, zote zinasema kweli. Mwenye nyumba, bila shaka, hakutaka kusikia habari za seva.

Dawa zipo. Kila ombi lipewe namba yake, ili likirudiwa litambulike. Kila hatua iwe na hatua ya kuitengua: chumba kikikosekana, pesa irudishwe. Wazo hilo huitwa saga, nalo ni la tangu 1987. Lakini kila dawa ni programu zaidi ya kuandika na kulinda, na sisi tulikuwa wawili.

Netflix walihama monolithi baada ya hifadhidata yao kuharibika 2008, na walimaliza 2016. Wao wana jeshi la wahandisi. Hata huko wakubwani watu hurudi nyuma: 2023 kikosi kimoja cha Prime Video, huduma ya video ya Amazon, kilieleza jinsi kilivyounganisha tena vipande vya chombo chake cha kukagua ubora wa video, gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Sisi tulirudisha malipo na vyumba pamoja. Tulichoacha nje ni kutuma SMS tu, maana ikichelewa hakuna anayekosa pa kulala.