Je, wajua kwa nini vita vya Napoleon vya mezani huamuliwa kwa dadu?

Watu wanaocheza vita vya Napoleon mezani ni wachunguzi wa kuchosha. Vinyago vyao vya askari vina kimo cha milimita 28 tu, lakini kila kimoja kimepakwa rangi kwa brashi nyembamba kama ukope, na rangi ya kola lazima ilingane na ile ya kikosi chenyewe cha mwaka 1815. Ukikosea, rafiki yako atakuambia kabla hujavua koti. Halafu, baada ya jasho lote hilo, mtu anachukua dadu, lilelile la ludo, analitikisa kiganjani na kulirusha. Sita: kikosi kimeshikilia kilima. Moja: kimetimua mbio. Sasa ile rangi ya kola ilikuwa ya nini?

Mcheza bao ndiye atakayeuliza kwa hasira zaidi. Kwenye bao kete zote ziko wazi, na ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako, huna wa kumsingizia. Michezo ya vita ya Ulaya nayo ilianza kwa mtindo huo. Mwaka 1780 mwalimu mmoja wa Braunschweig, Ujerumani, Johann Christian Ludwig Hellwig, alitoa mchezo wenye ubao wa miraba 1,617, ambamo askari wa miguu na wa farasi walikwenda na kulana kama kete za sataranji. Ukimfikia adui kwa njia halali, umemla. Ni mchezo safi, ila hakuna jenerali aliyewahi kupigana vita vya namna hiyo.

Walioingiza dadu hawakuwa wacheza kamari. Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani, alimtengenezea mfalme wake mwaka 1812 meza kubwa yenye droo, na vipande vya ardhi vya kupanga upya: mto hapa, msitu pale. Mwanawe, luteni wa mizinga, akaiacha meza na kuhamia kwenye ramani, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake. Zamu moja ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita. Kila upande uliandika amri kwenye karatasi na kumpa mwamuzi, na uliona tu yale ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Risasi zilipolia, mwamuzi alirusha madadu yaliyochorwa kiasi cha hasara kwenye nyuso zake.

Aliyeonyeshwa mchezo huo ni Karl von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi la Prussia. Inasimuliwa kwamba alikaa kwa ubaridi mwanzoni, kisha akachangamka na kutamka kuwa hayo si mchezo bali ni mafunzo ya vita. Kinachonivutia mimi ni mahali alipokuwa mzee huyo miaka tisa kabla: tarehe 18 Juni 1815 alikuwa Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon, akiwa afisa kiungo wa Prussia kwa Wellington, jenerali wa Uingereza. Mtu aliyeiona siku ile kwa macho yake hakukwazwa na dadu hata kidogo.

Angekwazwa vipi, na anaijua bunduki ya gumegume? Jiwe linagonga chuma, cheche inaangukia baruti kwenye kisahani, na kama unyevu umeingia, hakuna mlio. Risasi yenyewe ni kigololi cha madini ya risasi kinachopwaya ndani ya mtutu usio na mifereji, kwa hiyo inatoka ikigonga huku na huku. Waprussia waliijaribu kwa shabaha pana ya futi 100 na kimo cha futi 6, yaani ukuta mzima. Kwa umbali wa mita 70 hivi, risasi 60 kati ya 100 ziliupata; kwa mita 200, karibu 25. Na ukuta haukuwa ukiwarudishia risasi, wala hapakuwa na moshi wa saa nzima machoni. Afisa wa enzi hizo aliagiza kikosi kifyatue bila kujua nini kitatokea. Dadu linamrudisha mchezaji kwenye hali hiyohiyo.

Lakini bahati ya mezani ina kipimo. Tuseme una batalioni ya vinyago 24, kila kimoja kikisimama badala ya watu 25, jumla 600. Kanuni zipo za kila aina. Chukua inayokupa dadu moja kwa vinyago viwili, na tano au sita kuwa pigo. Unarusha madadu 12. Kwa kawaida utapata mapigo manne hivi. Kukosa yote kabisa hutokea mara moja katika kama 130. Bila shaka rafiki yako ataikumbuka hiyo mara moja hadi kaburini, na dadu lenyewe atalifungia kikombeni kama mchawi.

Utamu uko kwenye kupima moyo wa kikosi. Madadu mawili, unahitaji saba au zaidi ili askari wasikimbie: michanganyiko 21 kati ya 36. Msogeze jenerali karibu nao, ongeza moja, sasa ni 26. Waache wapigwe mizinga zamu mbili bila msaada, punguza mbili, unabaki na 10. Hapo ndipo mchezaji mzuri anapomshinda mbaya. Ney, jemadari wa Napoleon, alipopandisha askari wake wa farasi alasiri ile ya Waterloo, askari wa Wellington walikuwa wamekwisha jipanga miraba, singe zikitazama pande zote, na farasi hawezi kulazimishwa kujitumbukiza kwenye singe. Mezani mraba unapewa nyongeza nono dhidi ya farasi. Ila mzinga ukiukuta mraba huo umebanana vile, ni kilio. Kwa hiyo Mfaransa mwerevu haleti farasi peke yao, huwaleta na mizinga. Ney hakufanya hivyo.

Na kuna dadu lisilosaidiwa na hesabu yoyote. Siku hiyohiyo ya Waterloo, Wafaransa walilivunja lango la kaskazini la Hougoumont, shamba lililolindwa na askari wa Wellington, wakaingia. Luteni Kanali James Macdonell na wenzake wachache walilisukuma kwa mabega hadi likafungika, walioingia wakabaki ndani. Inasemekana Wellington mwenyewe alisema ushindi ulitegemea kufungwa kwa lango lile. Mezani, lango hilo ni mrusho mmoja.

Kila mtu anasimama. Dadu linaruka, linagonga ukuta wa ghala, linapanda na kukwama upogo juu ya paa la kadibodi, tano upande huu, moja upande ule. Kanuni iko wazi: dadu lililosimama upogo hurushwa upya. Aliyekaa upande wa tano bado anainama kulitazama.